Mayai Manne

Sisi tuliopata Komunyo ya kwanza miaka ya 1960 tulifundishwa kuungama kwa kukariri. Katekista anauliza, sisi tunaitikia kwa pamoja. Jumamosi jioni tukapanga foleni, kila mtoto anahesabu dhambi zake kwa vidole. Zangu hazikujaa kiganja. Nikaogopa. Nilipopiga magoti kwenye kile kidirisha cha matundu nikasema nimeiba mayai manne. Sijaiba hata moja. Padre akanyamaza kidogo, kisha akaniambia niyarudishe kwa mwenyewe.

Nilimdanganya Padre katika kitubio, na kwa miaka mingi nilipokea Komunyo moyo ukinienda mbio. Nilikuja kuyaungama mayai yale nikiwa mama wa watoto watatu.

Sasa mjukuu wangu yuko kidato cha pili, ananiuliza mambo ambayo sisi tungechapwa kwa kuyauliza. “Bibi, kwa nini nisimwambie Mungu mwenyewe chumbani?” Mwambie, mjukuu wangu, kila usiku. Lakini Yesu mfufuka aliwakabidhi mitume kazi ya kuondolea dhambi. Soma Yohane sura ya 20. Na binadamu ana masikio: anahitaji kusikia kwamba amesamehewa.

“Padre akimwambia mama?” Hawezi. Kanuni ya 983 ya Sheria za Kanisa inamkataza kumsaliti aliyeungama, kwa neno wala kwa namna yoyote. Akiitoa siri hiyo waziwazi, papo hapo ametengwa na Kanisa. Hata hakimu hawezi kumfungulia kinywa.

Mara ngapi? Dhambi kubwa, angalau mara moja kwa mwaka. Ndivyo ilivyoamriwa tangu Mtaguso wa Laterano wa mwaka 1215. Na uliyoisahau kwa kweli imesamehewa pamoja na nyingine, ukiikumbuka utaitaja. Ila kubwa unayoificha makusudi inaharibu kitubio chote. Hapo nilimsimulia habari ya mayai. Hakucheka.

Naumia nikikumbuka kwamba watoto wangu nao waliniuliza haya, nikawajibu kwa kifupi tu: nendeni, Padre kasema. Wawili hawaendi tena.

Ijumaa iliyopita, baada ya Njia ya Msalaba, kijana aliingia foleni mwenyewe. Alipotoka alipiga magoti benchi la mbele, akakaa sana. Nilimsubiri mlangoni na kanga yangu mkononi. Tukarudi nyumbani pamoja, sikumuuliza kitu.