Sentimita Tano

Vikokotoo viwili vya mkononi vya Hewlett-Packard, aina ya 48, vinapotaka kupeana programu, hulazwa mezani vikitazamana kichwa kwa kichwa. Kitabu cha maelekezo huagiza kwamba nafasi baina yao isizidi inchi 2, yaani sentimita 5 hivi. Aliyezoea rimoti ya televisheni, inayotumia miale kama hiyo ya infraredi kuvuka sebule nzima, atashangaa kuona mashine ya wahandisi ikishindwa kuvuka upana wa kiganja.

Sehemu ya sababu ni ya kimaumbile. Mwanga hutawanyika, umbali ukiongezeka mara mbili, unaofika hubaki robo. Betri 3 nyembamba haziwezi kulisha taa kali. Sehemu nyingine ni ya wanadamu. Toleo la 48SX, la mwaka 1990, lilikuwa na sikio kali. Lile la 1993, yaani 48G na 48GX, lilipunguziwa uwezo wa kupokea, na watumiaji wamekuwa wakieleza kwamba nia ilikuwa kuzuia majibu yasisafiri kutoka dawati hadi dawati ndani ya chumba cha mtihani. Waandaaji wa mtihani wa ACT nchini Marekani hawakuridhika hata na hilo. Walitaka kijidirisha cha infraredi kizibwe kwa utepe mzito. Pengine utepe peke yake ungetosha, na sikio likaachwa salama.

Sikio ndilo lenye uamuzi, kwa kuwa vikokotoo hivi huzungumza kwa Kermit, itifaki iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1981. Mtumaji hutoa fungu dogo la data, kisha hunyamaza mpaka aitikiwe. Asipoitikiwa hurudia, na akichoka huacha. Printa ya vikokotoo hivyo haina desturi hiyo: hupokea kutoka sentimita 45 hivi na haijibu neno, kwa hiyo kikokotoo husema na kwenda zake, kisijue kama kimesikiwa. Wanaoitikiana sharti wakae karibu zaidi, kwa kipimo cha yule asiyesikia vizuri.

Katika nyumba moja ya Qurum, mtaa wa Maskati uliopewa jina la mikoko yake (wajuzi wa miti wangesema michu), kipimo hicho kilimhusu mzee mmoja mzaliwa wa Unguja. Alikuwa miongoni mwa waliorejea Oman baada ya mwaka 1970, Sultan Qaboos aliposhika utawala na nchi ikahitaji watu waliosoma. Kurejea ni neno gumu kwa mtu anayekwenda mahali asipopata kupaona. Aliajiriwa kwenye visima vya mafuta. Ripoti aliandika kwa Kiingereza, salamu alitoa kwa Kiarabu, na Kiswahili kilibaki cha nyumbani na cha wenzake wachache, kwa sauti ya chini. Programu zake, hata hivyo, alizipa majina ya Kiswahili: KINA, TOPE, MGANDAMIZO. Kwenye menyu ya kioo kidogo jina refu hukatwa, likasomeka MGAND, na hakuna mkubwa wa kazi aliyewahi kuuliza maana yake.

Maelezo marefu hakuyaacha. Mwandishi wa programu aweza kuyaweka baada ya alama ya @, lakini 48 huyafuta inapoihifadhi programu. Hivyo ndani ya 48SX ya mzee mlikuwa na hesabu na majina tu, vikiishi kwa nguvu ya betri. Waya wa kuunganishia kompyuta ulikwisha potea.

Mjukuu wake, mwanafunzi wa uhandisi aliyekulia Uingereza, alikuja likizo na 48GX ya mtumba. Jaribio la kwanza lilishindikana. Jua la Maskati, lenye infraredi tele, lilikuwa likimwagika juu ya meza. Mzee akafunga pazia. La pili likashindikana kwa sababu kijana, kwa kuamini sikio la mashine ya babu yake, aliisogeza yake ili apate kuweka kikombe.

"Sogea, mjukuu wangu. Yako ndiyo haisikii."

Kwa kasi ya biti 2400 kwa sekunde, kilobaiti 32 huchukua zaidi ya dakika 2, bila kuhesabu vituo vya kuitikiana. Walituma programu mojamoja, na kila jina lilipotokea kwenye kioo kijana alilisoma kwa sauti. KINA alilijua. TOPE alilikisia. Kisha ikaja nyingine.

"Ngama ni nini, babu?"

Mzee akaeleza kwamba ni mahali ndani ya jahazi maji yanapojikusanya, panapofuliwa ili chombo kisizame; na kwamba programu hiyo hukokotoa ujazo wa tope lililomo kisimani, ambalo lazima litolewe kabla ya jingine kuingia. Kijana akaliandika neno hilo kwenye simu yake. Zilikuwa zimesalia programu kumi na saba.