Chupa Tupu na Magitaa Mawili

Methali yasema kuwa debe tupu haliachi kuvuma, na hutumiwa kumlaumu mtu mwenye maneno mengi na akili chache. Lakini iko chupa tupu moja ambayo mvumo wake nausifu.

Huko Bunyore, magharibi ya Kenya, Shem Tube, Justo Osala na Enos Okola walianza kupiga muziki pamoja katika miaka ya 1960. Walijiita Abana ba Nasery, yaani watoto wa nasari. Tube na Osala walishika magitaa. Okola alikwaruza chupa ya Fanta yenye mifuo, na wote watatu waliimba kwa sauti zilizopatana. Mtindo wao ni omutibo, ambao George Mukabi aliupatia sifa kubwa kabla ya kufa kwake mwaka wa 1963.

Magitaa ya umeme yalipotawala mijini, wao nao waliyapiga kwa jina la Super Bunyore. Walakini chupa hawakuitupa. Mwaka wa 1989 kampuni ya GlobeStyle ya Uingereza ilitoa mkusanyo wa nyimbo zao za zamani, na mwaka wa 1991 walikwenda Uingereza wakarekodi pamoja na wanamuziki wa Ulaya. Wenyeji wao hawakupungukiwa na vyombo vya umeme. Walitamani kile wasichokuwa nacho.

Nalikumbuka jambo hili kila nisikiapo litungu hapa Kimilili. Kinubi hiki cha Wabukusu kimechangamsha arusi na sherehe za jando tangu zamani, lakini vijana wengi huona haya kukishika mbele ya vipaza sauti. Wadhani ni chombo cha wazee, na wazee wenyewe hawakai milele.

Sisemi kijana asiguse vyombo vya kigeni. Gitaa nalo lilikuwa geni Bunyore, na chupa ya soda ilitoka dukani. Watu wale walivipokea vyote viwili wakavifundisha kusema lugha ya nyumbani, hata vikawa vyao. Afanyaye hivyo hana haja ya kuogopa ugeni, wala hana sababu ya kuonea haya asili yake.

Basi, msomaji kijana, mwombe mzee akufundishe angali hai. Litungu likinyamaza kwetu, hakuna kampuni ya ng'ambo itakayoweza kulirekodi.