Paka wa Nyumba Naye Atayarishiwe pa Kuzalia



Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Juma hili twataka kuzungumza juu ya jambo ambalo huenda baadhi yenu mkaliona dogo, nalo ni paka mwenye mimba na mahali atakapozalia. Hapa kwetu Mji wa Kale, Mombasa, nyumba nyingi zina paka ambaye hakununuliwa wala hakuitwa. Alikuja mwenyewe kwa harufu ya samaki, akala makombo, akafukuza panya, mwisho akawa wa nyumba. Lakini tumbo lake linapoanza kuonekana, ndipo husikika mtu akisema, "Mtieni guniani mkamtupe sokoni kabla hajatujazia nyumba."

Maneno hayo yalisemwa nyumbani kwetu majuzi, na yalikuwa na uzito kuliko kawaida, kwa kuwa mkaza mwana wetu naye alikuwa mja mzito wa miezi saba. Jirani yetu, mama mtu mzima tunayemheshimu, alikuja kumuonya mama watoto kuwa paka huharibu mimba. Hakuwa na nia mbaya, wala hofu yake haikuwa uzushi mtupu. Tulimuomba mkaza mwana wetu aliulize jambo hilo kliniki, naye akarudi na jibu lililotutuliza sote.

Alielezwa kwamba upo ugonjwa uitwao toksoplasmosi, unaoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Kijidudu chake hupatikana katika kinyesi cha baadhi ya paka, na pia katika nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa vizuri. Kijidudu hicho kinapotoka na kinyesi hakiambukizi papo hapo. Huhitaji siku moja au zaidi. Kwa hivyo mama mja mzito asiguse uchafu wa paka. Mtu mwingine auondoe kila siku, na mikono ioshwe kwa sabuni. Basi kazi hiyo tulimkabidhi mwanetu wa kiume, mume wake, na paka akabaki.

Hapo tulimkumbuka Bibi Kabsha binti Ka'b, ambaye naye alikuwa mkaza mwana katika nyumba ya sahaba Abu Qatada (R.A.). Imepokewa katika Muwatta wa Imam Malik, na kwa Abu Daud na Tirmidhi, kuwa alimmiminia mkwewe maji ya udhu, akaja paka kutaka kunywa. Abu Qatada akakiinamisha chombo mpaka paka akanywa. Alipomuona mkaza mwana wake anashangaa, akamueleza kuwa Mtume (S.A.W.) amesema paka si najisi, bali ni miongoni mwa wanaotuzungukia majumbani mwetu. Tuzingatie neno hilo la kutuzungukia. Anayetuzungukia ni wa nyumbani, na wa nyumbani hafukuzwi siku ya uchungu wake.

Tena kumtengea paka mahali ni kuilinda nyumba yenyewe. Paka anayekaribia kuzaa hutafuta penye giza na kimya. Wetu alikwisha kuanza kuingia kabatini, palipowekwa nguo za mtoto tuliyekuwa tukimngojea. Mwili wa paka ni tohara, lakini damu na majimaji ya uzazi ni najisi. Tusipomchagulia sisi, atachagua yeye, na huenda akachagua juu ya msala.

Mimba ya paka huchukua miezi miwili na siku chache, takriban siku 63 hadi 65. Yafaa mahali pawe tayari wiki mbili kabla, apate kupazoea. Sisi tulichukua boksi la kadibodi la kumtosha kujinyoosha na kugeuka, tukalikata upande mmoja, tukabakisha kizingiti cha kama sentimita 15, ili yeye apite na watoto wasitambae nje. Tuliliweka pembeni mwa ghala, mbali na upepo, na jua, na miguu ya watoto. Chini tulitandika magazeti, juu yake khanga kuukuu zilizofuliwa. Taulo na vitambaa vya nyuzi zilizolegea havifai, kwani kucha hunasa. Maji na chakula viwe karibu, na beseni la mchanga wa kujisaidia liwe kando, si ubavuni mwa chakula. Asilazimishwe kuingia, awekewe kitambaa alichozoea kulalia, ataingia kwa hiari yake.

Uchungu ukifika, kazi yetu ni kunyamaza na kutazama kwa mbali. Yeye mwenyewe hupasua ngozi inayomfunika mtoto, humramba, hukata kitovu na hula kondo. Asivutwe mtoto. Lakini mama akimwacha mtoto ndani ya ngozi ile, ipasuliwe upesi usoni ili apumue, kisha asuguliwe kwa kitambaa kikavu. Na paka akisukuma kwa nguvu zaidi ya nusu saa pasi na mtoto kutoka, au damu ikamtoka kwa wingi, aitwe daktari wa mifugo bila ya kuchelewa.

Wetu alizaa baada ya Isha. Walitoka wanne, mmoja akiwa amekufa, tukamfukia uani. Khanga zilizotapakaa damu zilifuliwa peke yake mpaka rangi na harufu vikaondoka. Nguo za mtoto zilibaki kabatini, safi kama zilivyokunjwa.

Baada ya hapo watoto wa nyumba wafundishwe subira. Vitoto vya paka huzaliwa macho yamefumba, na hufumbua baina ya siku ya 7 na ya 14. Vikishikwashikwa kila saa, mama huvihamisha. Wala visitenganishwe na mama yao kabla ya wiki 8, na katika muda huo zitafutwe nyumba za watu wenye huruma watakaovichukua. Mama naye aweza kushika mimba tena akiwa bado ananyonyesha. Ama kumfunga kizazi, wanavyuoni wametafautiana; mwenye haja hiyo amuulize mwalimu wake na daktari pamoja.

Kutupa vitoto sokoni au ufuoni si njia. Sote twaijua hadithi ya Bukhari na Muslim ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie. Mwenye kufunga mdomo wa gunia aikumbuke.

Boksi moja na khanga mbili kuukuu hazimfilisi mtu. Mwenyezi Mungu atujaalie huruma kwa viumbe vyake, na awasahilishie kina mama wetu wote walio wajawazito. Amin.

Wabillahi tawfiq.