Dakika tatu za Bi Siti

Asikwambie mtu, ukishuka Mkoani msimu wa karafuu, harufu inakupokea kabla ya wapiga debe. Njia nzima mpaka Chake Chake zimeanikwa majamvini, hadi kando ya lami.

Mwenyeji wangu, mzee wa rika la babu yangu, akaniita barazani. “Mwanangu, wewe si mpenda muziki? Hebu tazama hii.” Sahani ya santuri, nyeusi tii. Siti binti Saad! Baba yake aliinunua kwa pesa za karafuu.

Basi bwana, nikanywea. Sisi vijana tukitoa albamu ya kwanza tunalia studio ghali. Bi Siti, mzaliwa wa Fumba, Unguja, aliyeanza kwa kuuza vyungu, mwaka 1928 alipanda meli na wenzake hadi Bombay, India, kurekodi kwa HMV, ile kampuni ya picha ya mbwa. Huku kwetu studio ilikuwa wapi? Na upande mmoja wa sahani ulibeba kama dakika tatu tu, wakati taarabu harusini inajivuta mpaka watu wachoke kutunza. Ilibidi wakate.

Gramafoni ya mzee ilishakufa, sindano hazipatikani. Nikautafuta wimbo ule kwenye simu. Sauti ikatoka nyembamba, mikwaruzo kibao. Mzee kainamisha kichwa, kimya. Ukaisha.

“Zimebaki beti, mwanangu. Marehemu mama akiziimba hapahapa.”

Akaanza kuziimba, huku anachambua karafuu.