Mlinzi Asiyekula Betri

Bei ya betri inauma, lakini kinachonitisha zaidi ni namna inavyokufa. Tochi ikififia unaiona. Redio ikianza kukoroma unaisikia. Ila kifaa kilichowekwa njiani ili kukuarifu kwamba mtu anaingia, kikikata roho, hakikwambii kitu. Wewe uliye ndani unausikia ukimya wake na kuuhesabu kuwa amani. Nimelifikiri sana jambo hili tangu tufunge kifaa cha namna hiyo kwenye njia ya kuingia nyumbani kwa mama mkubwa, huku Lusangi.

Lusangi iko teritwari ya Kabambare, kusini mwa Maniema. Umeme wa nguzo hatuna. Mchele, karanga na mafuta ya mawese husafiri kwa pikipiki, na mzigo mwingine juu ya baiskeli ambazo vijana huzisukuma kwa mguu siku nyingi. Mama mkubwa anatunza magunia ya watu mpaka wenyewe waje kuyachukua, kwa hiyo wageni wake hawana saa. Tena hii ni Kabambare: upande wa Salamabila na mgodi wa Namoya watu wamehangaishwa miaka mingi na wenye silaha. Mtu wa huku akitaka kujua nani anakuja usiku, usimwone mwoga.

Kifaa chenyewe ni kiboksi cha plastiki chenye jicho linalohisi joto la mwili unaopita mbele yake. Kikihisi, kinarusha wimbi la redio hadi kwenye kipokezi kilichomo nyumbani, nacho kinalia. Kilikuja na nafasi ya betri mbili. Zile nzuri zingekaa muda mrefu, lakini zinazofika sokoni kwetu ni za bei rahisi, za zinki na kaboni, na joto na unyevu wa huku huzivujisha hata kabla hazijaisha. Kila nyumba inajua kuzibembeleza: zinaanikwa juani juu ya bati, zinang'atwa ubavuni, ili redio ipate taarifa ya habari moja zaidi. Zikigoma kabisa, watoto wanazipasua, na ule unga mweusi wa ndani unapelekwa shuleni kupaka ubao. Yanayobaki yanatupwa nyuma ya jiko, palepale panapoota lengalenga tunazokula.

Mtoto wa dada yangu, ambaye anatengeneza redio na simu, hakuuliza tutapata wapi betri bora. Aliuliza kifaa kinakula kiasi gani, akapima. Kikiwa kimelala kinavuta mikroampea 50 hivi. Kinaposhtuka kinatuma ujumbe kwa kipande cha sekunde, kisha kinalala tena. Paneli ya sola ya ukubwa wa kiganja, ikiona jua sawasawa, inatoa kiasi hicho mara mamia. Nguvu, basi, ilikuwapo tele. Shida ilikuwa usiku.

Kuuvuka usiku alitumia kapasita kubwa mbili, farad 10 kila moja, akazifunga kwa mfululizo. Betri inafanya kazi kwa kemia, na kemia inachoka. Kapasita ya aina hii inashika chaji tu na kuiachia, inaweza kufanya hivyo mara laki kadhaa. Alinifungulia daftari nikaifuata hesabu kwa kidole: zikishuka kutoka volti 5 hadi 3, zinatoa kulombi 10, na hizo kwa mikroampea 50 zinatosha saa 55. Ondoa kinachovuja chenyewe, ondoa kinacholiwa na kila mlio, bado unauvuka usiku wetu wa saa kumi na mbili, na siku nzima ya mawingu juu yake. Kwenye saketi alinionyesha pia vijipande vya njano vyenye mstari, kapasita ndogo za tantalamu. Tantalamu inatoka kwenye koltani, na koltani inachimbwa kwenye ardhi hii ya Maniema na ya Kivu. Nilikishika kile kidude muda mrefu. Kimezunguka dunia ndipo kikarudi kulinda mlango wa kwetu, na sisi tumekilipia kama wageni.

Daftari lile limenifundisha jambo ambalo sikulipata shuleni. Mara ngapi tunalia kwamba hatuna nguvu, hali hatujawahi kupima kinachohitajika? Nimewaona watu wazima wameahirisha ndoa, biashara, hata kusamehe ndugu, wakingoja uwezo mkubwa utakaokuja siku moja, na kumbe jambo lenyewe lilihitaji kidogo cha kila siku.

Katika kuiacha betri, duniani wapo waliokwenda mbali zaidi. Mwaka 1945 watoto wa Kisovieti walimpa balozi wa Marekani mjini Moscow nembo ya mbao ya kutundika ukutani. Ndani yake mlifichwa kinasa sauti alichokibuni Leon Theremin, kisicho na betri wala waya: kiliamshwa na mawimbi ya redio yaliyoelekezwa kwake kutoka nje. Hakikugunduliwa mpaka 1952. Siku hizi zipo swichi zinazopata nguvu ya kutuma ujumbe kutokana na kule kubonyezwa tu. Mpwa wangu anaiota njia hiyo: ubao juu ya mfereji wa kuingilia, chini yake sumaku na koili, ili hatua ya mgeni ndiyo itoe umeme wa kumtangaza mgeni.

Wazee wetu walitangaziana bila chochote cha kuchaji. Ngoma ya gogo lililochongwa mwanya, yenye sauti ya juu na ya chini, ilifikisha habari kijiji cha pili, nacho kikaipeleka mbele. Mmisionari John Carrington aliyeishi upande wa Kisangani aliandika kitabu juu ya ngoma hizo mwaka 1949. Lakini ngoma ilihitaji mtu aliye macho, na mtu wa pili wa kuisikia. Na hata hao wawili kuna siku hawatoshi: tarehe 15 Julai 1871, sokoni Nyangwe, humuhumu Maniema, mbele ya macho ya msafiri Livingstone, watu mamia waliuawa mchana kweupe, wengine kwa risasi, wengine kwa kuzama mtoni wakikimbia, na waliofyatua bunduki walikuwa wamekwisha kuingia ndani ya soko kama wateja. Dhidi ya mgeni aliyekwisha kukaribishwa hakuna ngoma wala kihisi.

Nashukuru kwamba mpwa hakuishia kwenye kapasita. Kila asubuhi paneli ikiona mwanga, kifaa kinatuma mlio mfupi mmoja, tofauti na ule wa mgeni. Mama mkubwa akiusikia anajua mlinzi yu hai. Asipousikia, anajua cha kufanya kabla ya usiku kuingia. Kwangu hili ni kubwa kuliko sola. Ndivyo tunavyoishi huku: jirani akiamka anapita kuuliza umelalaje, na mlango usipofunguliwa mpaka saa mbili, mtu anakwenda kugonga. Nimefiwa na rafiki mjini ambaye majirani walimgundua siku kadhaa baadaye. Alikuwa na simu nzuri, na kila mtu aliuchukua ukimya wake kuwa ana shughuli.

Sasa jirani wa upande wa mto ameomba kipokezi cha pili, kisikie kifaa hichohicho. Mpwa anasema inawezekana, msimbo ni mmoja. Mama mkubwa amekubali, akaweka sharti: asubuhi wasiposikia mlio, wamtume mtoto aje amwangalie yeye kwanza, kifaa kitaangaliwa baadaye.