Kurejesha Kompyuta ya Kazi

Zamani vyuoni mwetu mwanafunzi aliosha ubao wake kwa maji, wino ukatoka wote. Wengi wadhani kompyuta nayo huoshwa vivyo hivyo. Sivyo. Ufutapo barua, na hata ukimwaga kapu la taka, aghalabu kiondokacho ni jina lake katika fahirisi tu. Maneno yenyewe huweza kusalia hadi yaandikwe mengine juu yake, na fundi mwenye programu ya kufukua huyatoa.

Hapa Babati tuliazimwa kompyuta mpakato kwa kazi ya kuandikisha watoto wa madrasa. Siku za kuirejesha zilipokaribia tulihesabu yaliyomo: majina ya watoto na umri wao, simu za wazazi, nani ameshindwa kulipa ada na kwa sababu gani, na mashauri ya mume na mke waliotujia wapatanishwe. Hayo ya mwisho hayakuwa yetu, wala hayakuwa ya mwenye kompyuta.

Basi amana ni mbili, na watu huzichanganya. Orodha ya uandikishaji ni mali ya waliotuazima. Kuifuta bila idhini yao ni khiyana, hata nia ikiwa njema. Tuliwauliza kwanza, tukawakabidhi yaliyo yao, nao wakaridhia mengine yafutwe. Kisha tukatoka katika akaunti za barua pepe na WhatsApp, na maneno ya siri yaliyohifadhiwa tukayaondoa.

Katika Windows 10 na 11 imo njia ya kuirudisha kompyuta upya. Haitoshi kuchagua kuondoa kila kitu. Ingia katika mipangilio yake uchague na kusafisha diski, ama sivyo hufutwa kijuujuu. Kwa diski za SSD, ambazo hutawanya maandishi zenyewe, lililo bora ni kuzifunga kwa fumbo tangu siku ya kwanza, ili ufunguo ukiharibiwa yaliyosalia yasisomeke.

Mwenzetu mmoja alisema, nani atajishughulisha na siri za madrasa? Lakini Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imezihesabu habari za watoto kuwa taarifa nyeti. Tena mji wetu ni mdogo: atakayeifungua kompyuta hiyo kesho aweza kuwa jirani wa mama yule asiyekuwa na ada.

Tuliianzisha kazi baada ya Isha, waya ukiwa katika umeme, nayo ikamalizika karibu na Alfajiri.