Kengele ya Mlangoni Ina Waya, Mbona Betri Inakwisha?

Leo tuiache hina na liwa, tuzungumze mlango. Maharusi wengi siku hizi wanatunzwa kengele yenye kamera, ile inayokuonyesha kwenye simu nani anapiga hodi kabla hujainuka. Yangu niliipata kwa shemeji yangu anayeishi Oman. Kwa mwanamke ambaye mumewe yuko kazini tangu asubuhi, hiki ni kitu cha sitara. Unapata nafasi ya kuvuta mtandio, na usiyemjua humfungulii.

Lakini wiki tatu tu na visa vikaanza. Fundi aliiunga na waya, simu ikaandika kwamba inapata umeme, na bado betri ikashuka: 90, 70, 40, mwisho ikazima kimya. Siku hiyo hiyo mama mkwe akaja. Alibonyeza, akapiga hodi mara tatu kama tulivyofunzwa, asijibiwe, akarudi zake. Mimi nilikuwa uani, mashine ya kufulia inanguruma. Jioni akampigia mume wangu: "Mkeo hanifungulii mlango?" Bi harusi wa miezi minne, mnajua neno hilo linavyochoma. Kesho yake nilimwendea na sahani ya vileja, nikamweleza, akacheka, yakaisha. Ila niliapa nitaijua kengele hii ndani na nje.

Jambo la kwanza la kufahamu ni hili: kengele yenye betri ndani, hata ukiiunga waya, inaendeshwa na betri. Waya unaijaza kidogo kidogo tu, kama mfereji mwembamba unaotia maji kwenye pipa. Mkichota kwa kasi kuliko mfereji unavyotia, pipa litakauka. Kwa hiyo usikimbilie kununua betri mpya. Tazama kinachoingia na kinachotoka.

Kinachoingia ni umeme wa transfoma. Kijitabu cha kengele yangu kinataka volti 8 hadi 24 za AC. Fundi alipopima kwenye skrubu za nyuma ya kengele, alikuta volti 7. Transfoma ilikuwa ndogo ya kengele ya kizamani, na waya mrefu na mwembamba kutoka sebuleni hadi getini ulikula nyingine njiani. Tuliweka ya volti 16, VA 30. Skrubu nazo zilikuwa zimeota kutu ya kijani, maana upepo wa bahari hauachi kitu. Zikasuguliwa na kukazwa. Tafadhali, usiiunge kengele hii moja kwa moja kwenye umeme wa nyumba wa volti 230, na kazi ya transfoma mwachie fundi wa kweli. Kabla hajagusa kitu, zima swichi kubwa.

Kisha jua. Betri za lithiamu hazipendi kuchajiwa zikiwa na joto kali, na nyingi huacha kupokea chaji joto likipita kama nyuzi 45. Geti letu linatazama magharibi na kengele ni nyeusi. Jua la alasiri mwezi wa Februari likiipiga, haishikiki. Kibati kidogo cha kivuli juu yake kilisaidia sana.

Kinachotoka je? Kila kamera inapoamka kurekodi, inakula betri, na usiku inakula zaidi kwa sababu ya taa zake za kuonea gizani. Njia yetu ina bodaboda, watoto wa madrasa na kuku wa jirani. Wote walikuwa wanarekodiwa. Nilifungua programu yake kwenye simu, nikapunguza eneo inaloangalia hadi baraza yangu tu. Hapo nilipata faida mbili, kwani awali ilikuwa inaona mpaka mlango wa jirani. Surat An-Nur, aya ya 27, inatufunza kuomba idhini na kutoa salamu kabla ya kuingia nyumba za wenzetu. Jicho la kamera nalo lisiingie bila hodi. Acha pia tabia ya kuifungua kila saa kutazama njia.

Halafu intaneti. Ukuta wa mawe na geti la chuma hudhoofisha mawimbi, na kengele inayohangaika kuitafuta ruta huchoka upesi. Tuliisogeza ruta hadi dirisha la mbele.

Sasa yangu inakaa kati ya 80 na 95. Isipofika 100 usishangae, maana inachajiwa na kutumika wakati huo huo. Itazame kila Ijumaa unapofukiza udi. Ikishuka wiki mbili mfululizo, mwite fundi kabla haijazima.

Na umeme ukikatika, kumbuka kwamba betri itaishikilia kengele, lakini ruta ikizima simu yako haitalia. Waambie wazee wa pande zote mbili: msipojibiwa, pigeni simu au bisheni kwa mkono, tupo ndani na tunawapenda.

Allah azitie nyumba zenu sitara na mapenzi. Amin.